Hii ni kumbukumbu ya gari, siyo ya mtu

Nimerudi kutoka Nyashimo nikiwa na hasira, na hasira yenyewe siyo ya jana. Nimeilea tangu mwezi wa nne. Leo naitoa, mnisamehe mapema kwa urefu na kwa ukali.

Nianze na mhariri mmoja. Jina simtaji, bado nakula ugali wake. Nilimpelekea wazo la makala: historia ya madereva wa kwanza wa malori wa Kanda ya Ziwa, nikianzia kwa baba yangu mzazi, ambaye aliingia barabarani mwaka 1966 akiwa utingo. Akasoma (nadhani alisoma mistari miwili), akanirudishia na sentensi moja: "Hii ni habari ya familia, haina mguso wa kitaifa." Wiki hiyo hiyo ukurasa mzima ulikwenda kwa msanii aliyegombana na mchumba wake kwenye hoteli ya ufukweni. Huo ndiyo mguso wa kitaifa.

Haya, tuuangalie huo mguso.

Mwaka huo wa 1966 Usukuma ilikuwa nyeupe kwa pamba. Mavuno ya nchi yalipita marobota 400,000, na sehemu kubwa ilitoka huku kwetu, kusini na mashariki mwa ziwa. Shuleni tulifundishwa kuhusu Paul Bomani na muungano wa vyama vya ushirika vya Victoria, ule wa mwaka 1955 uliowanyang'anya wafanyabiashara mizani ya pamba. Tukafundishwa kwamba pamba ilileta fedha za kigeni. Mwalimu akachora ramani: hapa shamba, hapa kiwanda cha kuchambua pamba, hapa reli ya Mwanza mpaka Dar es Salaam, hapa meli. Mshale, mshale, mshale. Hakuna hata siku moja mwalimu alisimama kwenye ule mshale wa kwanza akauliza: hivi pamba ilitembeaje kutoka gulioni mpaka kiwandani? Ilikuwa na miguu?

Ilitembea juu ya Bedford. Baba alianza na Bedford ya mfanyabiashara wa Kihindi, akikusanya pamba kwenye magulio ya vijiji na kuishusha jineri ya Nassa. Kazi ya utingo, kwa wale mnaodhani ni kupiga kelele mlangoni, ilikuwa hivi: unapakia, unalala juu ya mzigo ili usiibwe, na gari likipanda mlima unaning'inia nyuma na gogo mkononi. Injini ikizima, unaruka chini na kulisukumiza gogo chini ya tairi kabla lori halijaanza kurudi nyuma. Breki zilikuwa za kuombea dua. Baba ana kidole kimoja cha mguu wa kushoto kisichokunjika mpaka leo kwa sababu siku moja alichelewa kidogo. Mvua ikinyesha kabla ya msimu kwisha, ule udongo mweusi wa mbuga unalishika gari kama gundi, na utingo ndiye anayekata miti, ndiye anayechimba, ndiye anayetembea usiku kwenda kuomba ng'ombe wa kulivuta. Ng'ombe! Lori la tani saba linavutwa na ng'ombe wa Kisukuma, halafu wanafunzi wa uchumi wanaandika juu ya "kisasa" kuchukua nafasi ya "jadi".

Huo ni mwaka mmoja tu. Mwaka 1967 akatoroka. Alimfuata dereva mmoja mpaka Dar es Salaam, kwa sababu huko kulikuwa na kazi kila kona kwa anayeweza kukaa kwenye lori.

Kwanini kulikuwa na kazi? Novemba 11, 1965 Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru wao kule Rhodesia. Zambia haina bahari. Mafuta yake na shaba yake vilipita kwenye reli ya Rhodesia. Bomba likafungwa, njia ikawa siasa, na Zambia ya Kaunda ikabaki inatafuta pumzi. Pumzi ilitoka bandari ya Dar es Salaam, kwenye mapipa ya galoni 44, juu ya malori, kwa barabara ya vumbi. Kutoka Dar mpaka Tunduma ni zaidi ya kilometa 900, na ukifika Tunduma ndiyo kwanza unaingia Zambia. Wazungu waliiita Njia ya Jehanamu. Mwaka 1966 serikali za nchi mbili zikaungana na Waitaliano kuunda kampuni ya malori ya Zambia na Tanzania, yale ma-Fiat yenye matrela ambayo wazee wa Iringa na Mbeya wanayakumbuka kwa mlio. Pembeni yao kulikuwa na matajiri wadogo wadogo wenye lori moja au mawili. Baba alikuwa kwenye mojawapo la hao wadogo.

Nilimuuliza: "Baba, mlikuwa mnajua kwamba mnapigana na Smith?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Tulikuwa tunapigana na Kitonga."

Anaulezea ule mlima wa Kitonga kama mtu anavyomwelezea mkwe mkorofi. Petroli inacheza ndani ya mapipa, unaisikia. Mvua za masika zinageuza barabara kuwa sabuni. Malori yalikuwa yakianguka, yakiungua, na aliyekufa alizikwa pale pale kando ya njia na madereva wenzake, wakaendelea kwa sababu mzigo unasubiriwa. Baba alishiriki kuzika watatu. Mmoja hakujua hata jina lake la pili. Walimwita kwa jina la gari lake.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, kilometa 1,710 mpaka Ndola. Reli ya TAZARA ilijengwa kuanzia 1970, ikakabidhiwa 1976, kilometa 1,860. Wachina waliokufa wakati wa ujenzi wana makaburi yao pale Gongo la Mboto, zaidi ya 60, yamepangwa, yana mawe, yana majina. Mwaka 2009 Rais Hu Jintao alipokuja Tanzania alikwenda pale akaweka shada. Sina wivu na Wachina. Nawaheshimu. Wamejua kuhesabu watu wao. Swali langu ni kwa sisi: kabla ya reli, kabla ya bomba, nani aliishikilia Zambia isizame? Ni watu waliokuwa na gogo mkononi. Nimesafiri barabara hiyo ya Mbeya mara nyingi, mchana na usiku. Nimeona mabango ya soda, mabango ya simu, mabango ya wagombea. Jiwe la dereva sijaliona.

Na mhariri ananiambia habari ya familia.

Ngoja, hatujamaliza. Baba alirudi Usukuma miaka ya 70 akiwa na leseni yake, dereva kamili, akaajiriwa na kampuni ya umma ya usafirishaji (nayo siitaji, mtaona kwanini). Novemba 1978, Mwalimu alipotangaza vita dhidi ya Amin, magari ya raia na ya mashirika yalichukuliwa kubeba jeshi. Lori la baba lilichukuliwa, na yeye ndani yake. Hakupewa bunduki. Alipewa maaskari, magunia ya unga na masanduku ambayo hakuulizwa kama angependa kuyabeba. Walivuka Kigongo kwenda Busisi kwa kivuko. Leo pale kuna daraja la kilometa 3, lilifunguliwa Juni 2025, lina jina la Rais. Walikwenda Geita, Biharamulo, mpaka Kyaka, ambako jeshi la Amin lilikuwa limelivunja daraja la Kagera. Akakaa huko miezi mitano. Mama alikuwa na watoto wawili, hakuna barua, hakuna simu. Baba aliporudi alilirudisha lori yadi, akasaini, kesho yake akapangiwa safari ya kubeba mbegu.

Sitawapamba madereva. Ukitaka kuandika malaika, nenda kanisani. Baba mwenyewe anakiri kwamba dizeli ilifyonzwa, kwamba abiria walipandishwa juu ya marobota na nauli haikufika ofisini, na kwamba miaka ile ya foleni za sukari lori lilikuwa duka linalotembea. Nilipomuuliza habari za Manyoni, ambako alikuwa akilala mara nyingi kuliko ratiba ilivyodai, mama aliinuka kwenda kutazama moto jikoni, moto ambao hata mimi nilikuwa nauona kuwa unawaka vizuri. Nikahamia swali lingine. Lakini wezi na wazinzi wa ofisini wana mafaili yao yametunzwa. Kwanini wa barabarani wasiwe nayo?

Nimefika kwenye faili. Hapa ndipo hasira ilipozaliwa.

Kampuni ilikufa mwaka 1994. Ilikufa kama zilivyokufa nyingi wakati huo: kwanza tairi, halafu mshahara, halafu mnada. Baba akapewa kiinua mgongo ambacho kiliishia kwenye bati za nyumba tuliyokulia. Hadai hela, naomba hili lieleweke. Hajawahi kudai. Mwezi wa nne mwaka huu, tumekaa nje, akaniambia, "Wewe uko mjini, unajua maofisi. Waambie wanipe karatasi kwamba nilikuwepo." Karatasi. Mtu wa miaka 79 anataka karatasi inayosema aliajiriwa kuanzia mwaka fulani mpaka mwaka fulani, alikuwa dereva.

Nikaona ni kazi ya siku mbili. Mimi si mwandishi bwana, nina kitambulisho kinaning'inia shingoni?

Nilikwenda ofisi ya kwanza, wakanituma ya pili. Ya pili ikasema mambo ya kampuni ile yalihamia ya tatu. Ya tatu ikasema walipokea madeni na majengo, watumishi hawakuwapokea. Katika ofisi ya nne, kijana mmoja mpole sana, mwenye umri wangu, aliniuliza: "Ana barua ya ajira?" Hana, aliiacha kazini, ndiko barua za ajira zinakokaa. "Ana namba ya faili?" Hana. "Basi dada, hatuwezi kuthibitisha kwamba alikuwa mtumishi." Nikamuuliza faili ziko wapi. Akatabasamu kwa huruma, akageuza viganja vyake juu.

Mzee mmoja aliyekuwa mlinzi wa yadi ile ndiye aliyenijibu. Anasema wanunuzi walipokuja walihesabu kila kitu. Walihesabu majeki. Walihesabu meza, viti, mapipa matupu, hata geti. Makabati ya chuma yalihesabiwa, na ili yahesabiwe vizuri yalitolewa yaliyomo, yakarundikwa uani, yakachomwa kwa siku mbili. Karatasi nyingine watoto waliziokota, zikafungiwa karanga stendi. Kabati lina bei. Kilichomo ndani yake ni watu tu.

Najua kuna sheria. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ni namba 3 ya mwaka 2002, na Nyaraka za Taifa zina jengo lao pale Upanga, mtaa wa Vijibweni, nimekaa humo siku nyingi na nawashukuru wanaohudumia. Lakini mwaka 2002 majivu ya yadi ile yalishaota majani.

Basi nikarudi Nyashimo nimeshindwa. Na baba, ambaye alikuwa amenyamaza muda wote nikimweleza, akaingia ndani akatoka na mfuko wa nailoni. Ndani yake kulikuwa na logi buku, kile kitabu cha safari za gari, cha mwaka 1974. Alikwenda nalo nyumbani siku moja wakati kurasa zimekwisha na hakulirudisha (haya, wizi mwingine huo). Jamani. Kilometa za kuondoka, kilometa za kufika, lita za mafuta, mzigo, saa. Kurasa zina alama za vidole vya grisi. Maswa, Bariadi, Malampaka, Nassa, Magu. Kila safari ina sahihi yake, ile ile anayosaini mpaka leo, inayoanza kama jembe na kumalizikia kama mkia wa mjusi.

Nikapanda basi siku hiyo hiyo. Nikalipeleka kwa yule kijana mpole. Akalifungua kwa heshima kabisa, ukurasa kwa ukurasa, akalifunga, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Dada," akasema, "hii ni kumbukumbu ya gari, siyo ya mtu."

Na alikuwa sahihi! Hapo ndipo pabaya. Juu kuna namba ya gari, aina ya gari, uzito wa gari. Sehemu ya jina la dereva haipo. Kuna sehemu ya sahihi tu. Waliochapisha kile kitabu walitaka kujua lori lilikuwa wapi kila saa ya maisha yake, lakini aliyelishika usukani hawakumhitaji zaidi ya mkwaruzo wa kalamu. Kwa hiyo leo naweza kuithibitishia Jamhuri ya Muungano kwamba lori fulani lilikuwa Malampaka Julai 1974 na lilikunywa lita ngapi. Baba yangu siwezi.

Wako watakaoniambia mbona hata wengine wameteseka. Kweli. Wazee wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile iliyovunjika 1977, zaidi ya 30,000, walizunguka mahakamani na kuandamana kwa miaka mingi mpaka wengi wakafa njiani. Lakini hata hao walikuwa na orodha. Mtu aliweza kubishana na serikali kuhusu kiasi, siyo kuhusu kama alizaliwa. Utingo wa 1966 hana pa kuanzia kubishana.

Sasa nigeuke kwetu sisi, tuliosoma. Maana ni rahisi kuwatukana makarani.

Nimepekua magazeti ya zamani maktaba nikitafuta madereva wa malori. Wapo, tena wengi. Wapo kwenye ajali: "dereva alitoroka", "dereva anatafutwa". Na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 80 wapo kwenye ukimwi. Walipimwa, walihojiwa kwenye vituo vyao vya kulala, waliwekwa kwenye majedwali. Mtafiti alimuuliza dereva amelala na wanawake wangapi. Sikukuta hata mmoja aliyemuuliza amebeba nini, amezika nani, mshahara wake ulichelewa miezi mingapi mpaka akaanza kufyonza dizeli. Kazi hiyo ilikuwa yetu, waandishi, na hatukuifanya. Tuna simu zinazorekodi saa nane mfululizo, tunazitumia kurekodi mikutano ya wanasiasa wakisema walichosema juzi.

Na mimi? Nilipokuwa kidato cha kwanza, shule ya bweni, tulijaza fomu. Kazi ya baba. Jirani yangu aliandika "mhasibu". Mimi nikaandika "mfanyabiashara". Baba wakati huo hakuwa na biashara hata ya chumvi. Alikuwa akivua dagaa kwa mtumbwi wa kuazima na kutengeneza baiskeli za watu. Fomu ile bila shaka imetunzwa vizuri sana, shule yetu ilikuwa na makabati mazuri. Kwa hiyo kwenye faili pekee ambamo kazi ya baba imeandikwa kwa maandishi, imeandikwa uongo, na mwandishi ni mimi.

Ndiyo maana sitaki tena kusikia "habari ya familia". Kila mmoja wetu anayesoma hapa ana mzee wa namna hii. Dereva, utingo, fundi wa gereji, mwanamke aliyepika chai pale malori yalipolala. Tumewaficha kwenye fomu, halafu tunalalamika kwamba historia yetu imeandikwa na wageni.

Na muda haupo. Hili nimelificha mpaka mwisho kwa sababu linaniuma kuliko la ofisi. Mwezi wa nne nilipoanza kumrekodi, baba aliyataja magulio yote ya njia ya Nassa kwa mpangilio, bila kusita, na gulio gani lilikuwa na mizani mbovu. Mwezi wa saba aliruka mawili. Safari hii, Jumamosi iliyopita, alifika la nne akasimama, akaniangalia, akauliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula, wabeja baba. Akaanza tena la kwanza. Akasimama pale pale. Mkono wa kulia, ule uliokaa dirishani miaka yote ile na ambao mpaka leo ni mweusi kuliko wa kushoto, ulikuwa umejikunja hewani kama umeshika kitu.

Daktari anasema ni umri. Sawa.

Nimebakiwa na kaseti za kichwa cha mtu mmoja na logi buku la gari moja. Nimeanza kuviweka pamoja: tarehe ya kitabu upande huu, maneno yake upande huu. Julai 1974, Malampaka, lita kadhaa, na pembeni yake sauti ya mtu akisema siku hiyo walikula mihogo ya kuchoma kwa sababu utingo alikuwa amepoteza pesa ya posho. Utingo huyo naye nimepata kwao, ni ng'ambo ya Bariadi. Amefariki, ila mjane wake yupo na anasema ana picha.

Naondoka Ijumaa na basi la alfajiri. Nitapita kwanza Nyashimo. Baba ameagiza nimletee kalamu ya wino mweusi, anasema kuna kurasa za kile kitabu hakuzisaini.